Picha Nazo Husomwa

Ndugu wanafunzi wa darasa la watu wazima la Gendabi, nanyi nyote mliokaa karibu na redio! Leo wekeni kalamu chini. Tutazungumza juu ya sinema, maana picha nazo husomwa.

Twende kwanza Vugiri, katika milima ya Usambara. Huko, toka mwaka 1935 hadi 1937, Waingereza walijaribu kazi mpya: kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika. Msimamizi wa kupiga picha alikuwa Meja Notcutt. Zilitengenezwa sinema 35. Zikapakiwa katika lori pamoja na mashine yake, zikaonyeshwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Moja ilifundisha watu kuweka fedha zao posta badala ya kuzifukia nyumbani.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda idara ya sinema kwa ajili ya makoloni. Wakuu wake waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokwenda mbio. Wakaagiza picha ziende polepole, zisiwe na mambo mengi. Tena walipenda kusimulia kisa hiki. Bwana afya alionyesha picha ya mbu, naye akaonekana mkubwa kama ng'ombe. Watu wakasema, "Kwetu hakuna mbu wakubwa hivyo, basi ugonjwa huu si wetu." Kisa hicho kilizunguka nchi nyingi, watu wakakicheka.

Je, ndugu yangu, nawe unacheka? Ngoja kwanza. Mtu hajaambiwa kuwa mashine inaweza kukikuza kitu kidogo. Akasema alichokiona kwa macho yake. Hapo aliyekosa ni mwanafunzi au mwalimu?

Sasa tazama mjini. Katika miaka ya 1950 watu wa Unguja na Dar es Salaam walijaa katika majumba ya sinema kutazama picha za Kihindi. Wengi hawakujua lugha ile. Lakini waliifuata picha ya Awaara, iliyotoka mwaka 1951, tangu mwanzo hata mwisho, kwa kuwa habari za baba aliyemkataa mwanawe walizielewa. Hakuna aliyewapunguzia mwendo wa picha. Kumbe tofauti haikuwa akili, ilikuwa mazoea. Nanyi ni mashahidi: siku ya kwanza darasani, herufi hizi hazikuwa mikwaruzo tu?

Basi mwenye kusoma herufi asikubali kila neno, na mwenye kusoma picha asikubali kila picha. Mwezi wa Desemba 2023, matope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, picha zilisambaa katika simu mbio kuliko gari. Picha kama hizo zaweza kuwaita watu wasaidie. Lakini picha ya zamani, au ya nchi nyingine, yaweza kumkimbiza mama na watoto usiku bila sababu, au kumfanya mtu apuuze hatari ya kweli.

Kwa hiyo, kila picha iulize maswali manne: Nani ameipiga? Wapi? Lini? Anataka nifanye nini?

Jioni ya leo chagueni picha moja, mwiulize maswali hayo pamoja. Kila mtu aseme alichokiona, wala asichekwe. Kwaherini.