Paka Wawili, Dirisha Moja

Usiku wa tatu baada ya dadangu mdogo kuhamia kwangu, paka wake na wangu walipigana chini ya meza hadi jirani akagonga ukuta. Nilipowasha taa, Chapo wangu alikuwa na mkwaruzo puani, naye Sultana amejibana nyuma ya friji. Dadangu akaanza kukunja nguo zake.

"Mmoja lazima atoke," akasema. "Na akitoka Sultana, mimi natoka naye."

Alikuwa amepoteza kazi na nyumba mwezi huohuo. Hakuwa na pa kwenda, na sote wawili tulijua.

Mimi nilidhani ni wivu tu. Si ndivyo tunavyosema kuhusu paka? Ana wivu, ana kiburi, ana roho mbaya. Lakini nilipoanza kusoma historia yao, nikaona namlaumu Chapo kwa jambo lililoanza kabla ya piramidi kujengwa.

Mbwa ametokana na mbwa mwitu, mnyama wa kundi. Paka ametokana na paka-pori, yule anayeitwa kimburu, ambaye bado anaishi hapa Kenya. Kimburu huwinda peke yake, kwani panya mmoja ni mlo wa mmoja. Hakuna cha kugawana. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba asili ya paka wa nyumbani ni kimburu wa Mashariki ya Kati.

Kilichomleta kwetu ni nafaka. Yapata miaka 10,000 iliyopita, wakulima wa kwanza wa eneo lile walianza kuweka akiba. Ghala likaleta panya, panya wakaleta paka. Mwaka 2004 wanaakiolojia walitangaza kaburi la miaka 9,500 hivi kisiwani Saiprasi: mtu amelazwa, na sentimita 40 tu kutoka kwake, paka wa miezi minane hivi. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili. Kumbe kuna mtu alimpandisha chomboni akavuka naye bahari.

Lakini ghala liliwafunza paka kuvumiliana, halikuwafunza kupenda kila mgeni. Hadi leo paka wasio na mwenyewe hukusanyika penye chakula kingi. Nenda Lamu wavuvi wanaposhusha samaki uwaone. Wanapounda kundi, msingi wake huwa ni mama, binti na dada, wanaosaidiana kulea na kutambuana kwa harufu. Mgeni hufukuzwa, naye ana njia ya kukimbilia.

Sasa mchukue mnyama huyo umfungie orofa ya nne. Hilo ni jambo jipya kabisa. Zamani paka wengi walitoka nje kujisaidia. Mwaka 1947, jimboni Michigan, Marekani, jirani aliyekuwa akimwekea paka wake majivu alimwendea Edward Lowe kuomba mchanga. Lowe akampa udongo mkavu unaofyonza unyevu, kisha akaanza kuuza mifuko. Maisha ya paka asiyetoka nje yakawa rahisi. Yaani desturi hii imeenea nyanyangu akiwa tayari amezaliwa!

Chapo na Sultana hawakuwa ndugu. Nami niliwapa bakuli moja, sanduku moja la mchanga, dirisha moja, na mlango mmoja uliofungwa. Vita vile nilivitengeneza mimi.

Nikamwomba dadangu afungue begi, tuanze upya. Sultana akahamia chumba cha kulala, mlango ukafungwa. Tulibadilishana vitambaa walivyolalia ili kila mmoja azoee harufu ya mwenzake. Baada ya wiki moja tukawa tunawalisha kila mmoja upande wake wa mlango, kisha tukauacha wazi kidogo. Mabakuli mawili, pembe mbili. Masanduku matatu ya mchanga, ndiyo, matatu, kwenye keja ndogo hivi. Rafu juu ukutani kwa anayetaka kujitenga. Walipokodoleana macho hatukupiga kelele wala kutia mkono. Tulipitisha kadibodi katikati wasionane.

Ilichukua wiki sita, na bado si marafiki. Mtafiti Mjerumani Paul Leyhausen aliona, karne iliyopita, kwamba paka wanaotumia njia moja huweza kupishana kwa saa. Ndivyo ilivyo kwetu. Asubuhi dirisha ni la Chapo, jioni ni la Sultana. Wakikutana kwenye korido, mmoja huketi na kutazama pembeni hadi mwenzake apite.

Mimi na dadangu pia tuna zamu zetu: jiko, bafu, kimya cha asubuhi. Mwezi uliopita alipata kibarua, akanunua mfuko wa mchanga bila kuambiwa. Begi lake liko juu ya kabati, tupu. Sultana hulala ndani yake.