Maiti Penye Mzimu

Msomaji wa Matiliku, huku Makueni, aliyekua akikatazwa kukata kuni penye ithembo, mahali petu pa matambiko, hahitaji kuelezwa mzimu ni nini. Akifungua riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale akakuta tajiri ameuawa mahali pa matambiko, anajua mara moja kwa nini watu wanaogopa hata kusogea.

Hapo ndipo alipoanzia Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyezaliwa 1918. Hadithi hiyo ilishinda mashindano ya uandishi wa Kiswahili ya 1957-58, na East African Literature Bureau ya Nairobi ikaichapisha 1960. Kabla ya kuingia magazetini, Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya, kazi ya kuchungulia pembe ambazo mwenye nyumba hapendi zichunguliwe. Naamini kazi hiyo ilimfaa sana kalamuni.

Mpelelezi wake, Bwana Msa, anatokana waziwazi na Sherlock Holmes, aliyeanza kazi vitabuni mwaka 1887. Ana kiko, na ana Najum, rafiki wa kuuliza maswali ambayo sisi tungeuliza. Lakini Bwana Msa ana mpinzani ambaye Holmes hakukutana naye mara nyingi: jibu ambalo tayari liko midomoni mwa kila mtu. Mzimu umeua, basi yamekwisha. Yeye anakataa kwamba yamekwisha, na utamu wa riwaya uko katika kukataa huko.

Damu yenyewe ni kidogo. Ushahidi umewekwa mbele ya macho yetu, nasi tunaupita kwa sababu tumeshaamini jambo jingine. Mwisho ukifika tunafunua kurasa za nyuma kuhakikisha kwamba hatukudanganywa. Mwandishi anayemleta muuaji asiyewahi kutajwa hadi sura ya mwisho amemdhulumu msomaji wake.

Baadaye mwendo ulibadilika. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo 1965, kisha wakaja mashujaa Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na bastola zikazidi. Hapa hapa Makueni, David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, alimwunda Benni Kamba, jasusi wa The Equatorial Assignment ya 1980. Vitabu hivyo vinasisimua, ila huko tunauliza kama shujaa atapona. Kwa Bwana Msa tunauliza nani alifanya, na mimi swali hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Ndiyo maana natamani kusoma riwaya ya namna hiyo ya Matiliku. Maiti chini ya mkuyu wa ithembo, wazee wamekwisha kutoa hukumu yao. Halafu mtu mmoja mtulivu anashuka mtoni, kwenye mchanga mkavu ambako akina mama huchimba maji, anahesabu nyayo za punda: punda aliyekuja na mitungi mitupu na kurudi na mzigo mzito kuliko maji.