Ndege Ndogo ya Binafsi katika Bonde la Ufa la Kati: Aina, Gharama na Matunzo

Maana na mipaka

Ndege ndogo ya binafsi ni chombo cha angani chenye injini, ambacho uzito wake wa juu wa kuruka hauzidi kilo 5,700, na ambacho mtu, familia, kampuni au kikundi hukimiliki kwa safari zao wenyewe bila kutoza nauli. Fasili hii imesimama juu ya masharti matatu: uzito, umiliki na matumizi. La tatu ndilo huvunjwa kwa urahisi. Mwenye ndege anayempeleka jirani Nairobi kwa malipo ameingia katika usafiri wa biashara, ambao una cheti chake, ukaguzi wake na bima yake. Eneo linalohusika hapa ni sakafu ya Bonde la Ufa kuanzia Naivasha na Gilgil, kupitia Elementaita, hadi Nakuru na Njoro.

Asili yake katika eneo hili

Ndege za binafsi zilianza kuzoeleka Kenya katika miaka ya 1920. Aero Club of East Africa iliundwa mwaka 1927, na mwaka 1929 Florence Kerr Wilson akaanzisha kampuni ya Wilson Airways, ambayo jina lake limebaki kwenye uwanja wa Wilson, Nairobi. Njoro ndiko alikokulia Beryl Markham, rubani aliyevuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada mnamo Septemba 1936. Kwa mashamba makubwa ya wakati huo, yaliyotenganishwa na barabara zisizopitika masika, ndege ilikuwa chombo cha kazi kabla ya kuwa cha anasa.

Aina

Kwa injini, ndege hizi ni za makundi mawili: za pistoni na za tabo. Za tabo huchoma mafuta ya jeti na gharama zake ni za daraja jingine. Sehemu kubwa ya ndege za binafsi ni za pistoni.

Kwa bawa, kuna za bawa la juu, kama Cessna 172, 182 na 206, na za bawa la chini, kama Piper Cherokee. Bawa la juu huepukana na nyasi na vichaka vya kando ya njia, na humwachia rubani nafasi ya kuona ardhi iliyo chini yake.

Kwa magurudumu, kuna za gurudumu la pua na za gurudumu la mkia. Piper Super Cub, ya gurudumu la mkia, hubeba propela yake juu zaidi ya changarawe, lakini humdai rubani ustadi mkubwa zaidi upepo unapovuma kutoka ubavuni.

Cessna 172, iliyoanza kuuzwa mwaka 1956 na kutengenezwa zaidi ya 40,000, hutumika hapa kama kipimo cha kawaida. Ina viti vinne. Hata hivyo, tangi zikijazwa, uzito unaobaki hutosha watu wazima watatu na mizigo yao midogo. Idadi ya viti na idadi ya abiria ni vitu viwili tofauti.

Viwanja

Viwanja vya eneo hili ni vya namna tatu. Vya umma na vya serikali ni kama Lanet, kando ya Nakuru na karibu na kambi ya jeshi, na kile cha Naivasha. Vya hifadhi ni kama Naishi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, ambavyo hutumika kwa taratibu za hifadhi. Vya mashamba na nyumba za wageni huwa vya nyasi au murram, na idhini ya kutua hutolewa na mwenye ardhi.

Kuwa na kiwanja karibu si sawa na kuwa na huduma. Karakana, vipuri na petroli ya ndege vimekusanyika Wilson, umbali wa kilomita 135 hivi kwa mstari ulionyooka kutoka Lanet, yaani dakika 40 kwa Cessna 172. Kwa hiyo mwenye ndege wa Nakuru huchagua kati ya mawili: kuilaza ndege nyumbani na kuipeleka Nairobi kila inapodai fundi, au kuilaza Wilson na kuendesha gari kila anapotaka kuruka.

Mwinuko na hewa

Lanet iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na joto huizidishia wepesi. Mchana wa nyuzi 26, ndege hufanya kazi kana kwamba iko mita 2,700. Injini isiyo na tabochaja hupoteza karibu robo ya nguvu zake, na Cessna 172 iliyojaa huhitaji takriban mara mbili ya njia ambayo ingeitosha Mombasa asubuhi yenye ubaridi. Kwa sababu hiyo kuruka hupangwa asubuhi, na mzigo hupunguzwa kabla ya njia kulaumiwa.

Mwinuko una bili yake pia. Mchanganyiko wa petroli na hewa usipopunguzwa petroli, plagi hugandwa na masizi na risasi, injini hukohoa, na fundi huitwa kabla ya wakati wake.

Kuta za bonde ni jambo la pili. Safari ya Nairobi huanza kwa kupanda ili kuvuka ukingo wa mashariki, ambao mawingu huufunika asubuhi za miezi ya baridi. Alasiri za masika, ngurumo hujijenga juu ya Mau na Nyandarua. Jambo la tatu ni ndege wa manyoya. Mwari hutaga Elementaita na kwenda kuvua Ziwa Nakuru, na katikati ya siku hupanda na hewa ya moto wakiwa makundi. Kugongana na ndege wa kilo kumi ni hasara ya kioo, bawa au zaidi.

Sehemu za gharama

Gharama za umiliki zimegawanyika katika mafungu manne.

*Mtaji* ni bei ya ununuzi pamoja na ukaguzi wa kabla ya kununua, usafirishaji, kodi na usajili. Ndiyo gharama inayoonekana zaidi, na ndiyo inayodanganya zaidi, kwa kuwa hulipwa mara moja.

*Gharama za kudumu* hulipwa hata kama ndege haikuruka: bima ya chombo, bima ya madai ya watu wengine, maegesho au banda, ukaguzi wa mwaka, ada za vyeti, na uchunguzi wa afya wa rubani.

*Gharama za saa* huja na kuruka: petroli, oili, ada za kutua, matairi, breki. Injini ya Cessna 172 hunywa lita 30 hadi 38 kwa saa.

*Akiba* ni fedha za kazi kubwa zijazo, hasa ukarabati mkuu wa injini. Kwa injini nyingi za aina hii, kampuni ya Lycoming hupendekeza kazi hiyo ifanywe kila saa 2,000 au kila miaka 12, lolote litakalotangulia.

Uhusiano wa mafungu haya huonekana kwa hesabu ya mfano. Gharama za kudumu zikiwa shilingi 1,200,000 kwa mwaka, anayeruka saa 120 amebeba shilingi 10,000 kwa kila saa. Anayeruka saa 30 amebeba 40,000, kabla ya tone moja la petroli. Akiba nayo hufuata njia hiyohiyo. Ukarabati wa shilingi 4,000,000 ukigawanywa kwa saa 2,000 ni shilingi 2,000 kwa saa. Lakini ndege inayoruka saa 60 kwa mwaka hufikisha miaka 12 ikiwa na saa 720 tu, na akiba halisi huwa zaidi ya shilingi 5,500 kwa saa. Juu ya hayo, injini iliyolala huota kutu kwenye kamshafti na silinda. Ndege isiyoruka ndiyo ghali kuliko zote.

Matunzo

Matunzo ya rubani hufanyika kabla ya kila safari. La kwanza ni petroli. Asubuhi, rubani hukinga kidogo kutoka chini ya kila tangi kwa kikombe kinachoonyesha ndani. Petroli ya ndege ya pistoni ni ya samawati. Maji yaliyojikusanya kwa ubaridi wa usiku hukaa chini yake, yasiyo na rangi, na hukingwa tena hadi yaishe. La pili ni propela, ambayo hupapaswa kwa kidole kutafuta mapengo ya changarawe. Pengo dogo hulainishwa na fundi kwa tupa. Likiachwa, huwa mwanzo wa ufa.

Matunzo ya fundi mwenye leseni hufuata saa na kalenda. Kila saa 50, oili na filta hubadilishwa, na filta hupasuliwa kutafuta chembe za chuma. Kila saa 100, mgandamizo wa silinda hupimwa, na plagi, magneto, nyaya na breki hukaguliwa. Kila mwaka, ndege hufunguliwa na kukaguliwa yote.

Sheria

Msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, iliyoundwa mwaka 2002. Ndege iliyosajiliwa nchini huandikwa 5Y na herufi tatu. Usajili hutaja mwenye ndege. Cheti cha ubora wa kuruka hutaja hali ya ndege. Leseni hutaja uwezo wa rubani. Vitatu hivi havibadilishani nafasi. Leseni ya rubani wa binafsi hutolewa kuanzia umri wa miaka 17, baada ya saa zisizopungua 40 za kuruka, mitihani na cheti cha afya cha daraja la pili.

Namna za kumiliki

Umiliki wa mtu mmoja hutoa uhuru wote na bili yote. Umiliki wa kampuni hutenganisha mali ya biashara na ya nyumbani. Umiliki wa chama cha watu watatu au wanne hugawa gharama za kudumu na kuongeza saa za kuruka, mambo mawili yanayoshusha gharama ya kila saa kwa pamoja. Chama hudai mkataba wa maandishi wenye zamu, akiba ya kila mwezi, mlipaji wa hasara na njia ya kujitoa. Kwa asiyefikisha saa 50 kwa mwaka, kukodi kwenye klabu au shule ya urubani huweza kuwa nafuu kuliko namna zote tatu.

Kuuza

Bei ya kuuzia huamuliwa na vitu vinne: saa zilizobaki kabla ya ukarabati mkuu, hali ya bodi na kutu, vyombo vya redio na uongozaji, na vitabu vya kumbukumbu. Katika vitabu hivyo huandikwa kila safari na kila kazi ya fundi tangu ndege ilipotoka kiwandani. Kitabu kikipotea, saa zake haziwezi kuthibitishwa, na mnunuzi huipimia injini bei ya injini iliyokwisha.