Makengeza ya nje: Upasuaji wake na mambo ya kuzingatia

MAKENGEZA ya nje ni hali ambayo jicho moja hutazama mbele huku lingine likielekea upande wa sikio. Kwa watoto wengi hali hiyo huja na kuondoka. Hujitokeza zaidi mtoto anapochoka, anapoumwa au anapotazama mbali.

Wapo wanaoichukulia kuwa kasoro ya sura tu, lakini madhara yake hugusa uwezo wa kuona. Macho yasipoelekea mahali pamoja, ubongo wa mtoto hujifunza kupuuza picha ya jicho moja, na uwezo wa kukadiria umbali kwa macho mawili huweza kupotea. Mtu anayeipata ukubwani mara nyingi huona vitu viwili viwili.

Si kila mgonjwa huhitaji kisu. Wapo wanaosaidiwa na miwani au kuzibwa jicho moja kwa muda, na wengine huwekwa chini ya uangalizi. Upasuaji hufikiriwa pale kengeza linapoonekana sehemu kubwa ya siku au linapozidi kuongezeka.

Kila jicho huzungushwa na misuli sita. Miwili ndiyo inayohusika zaidi hapa: wa upande wa sikio, unaolivuta jicho nje, na wa upande wa pua, unaolivuta ndani.

Njia ya kwanza ni kulegeza misuli ya nje ya macho yote mawili. Daktari huutenga msuli na jicho, kisha huushona nyuma kidogo ya pale ulipokuwa ili nguvu yake ipungue. Jicho halitolewi mahali pake.

Njia ya pili hufanywa kwenye jicho moja: msuli wa nje hulegezwa na wa ndani hufupishwa. Hiyo hupendelewa pale jicho linalokengeza lina uoni hafifu, ili lile zima lisiguswe.

Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2019 ulilinganisha njia hizo kwa watoto 197 wenye makengeza ya kuja na kuondoka. Baada ya miaka mitatu, matokeo hayakuridhisha kwa asilimia 46 ya waliopasuliwa macho yote na asilimia 37 ya waliopasuliwa jicho moja. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kuwa njia moja ni bora kuliko nyingine.

Kwa watu wazima, daktari anaweza kutumia nyuzi zinazorekebishika mgonjwa akishazinduka.

Watoto hupasuliwa wakiwa kwenye nusu kaputi, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Jicho hubaki jekundu kwa majuma kadhaa. Kengeza huweza kurudi, au jicho likavutika ndani kupita kiasi, hivyo wengine hupasuliwa tena. Aidha, upasuaji hauondoi haja ya miwani kwa aliyekuwa akiihitaji.

Zipo dalili zisizopaswa kungoja. Mtoto mwenye kengeza na mng'ao mweupe kwenye mboni apelekwe hospitali mara moja, kwani huenda ni saratani ya jicho. Vivyo hivyo mtu mzima ambaye jicho lake limegeuka nje ghafla, kope limelegea na kichwa kinamuuma sana. Huenda mshipa wa damu kichwani una hitilafu.

Kabla ya kukubali upasuaji, mzazi amuulize daktari: ni misuli ipi itakayoguswa, kwa nini, na kama kengeza likirudi itakuwaje?