Katuni, Jarida na Toleo: Historia Fupi ya Hadithi za Picha za Kila Juma na Majina Yake

Neno katuni limebebeshwa mizigo mingi kupita kiasi. Picha moja inayomdhihaki mkubwa katika ukurasa wa gazeti huitwa katuni. Visanduku vitatu au vinne vyenye kisa kifupi cha kuchekesha navyo huitwa katuni. Jarida zima la hadithi za picha, litokalo kila juma au kila mwezi, ni katuni. Kitabu kilichojalidiwa vizuri ni katuni. Na filamu ya michoro inayotembea nayo ni katuni. Msomaji ajisomeaye kwa burudani hapati hasara yoyote kwa mchanganyiko huu. Lakini mfasiri aliyepewa mkataba wa uchapishaji, mwalimu anayeandaa orodha ya maktaba ya shule, na ofisa wa serikali anayepanga bidhaa zilizoingia bandarini, hao hawana budi kujua ni kitu gani hasa kinachozungumzwa.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa muhtasari historia ya hadithi za picha zitokazo kwa vipindi, hasa zile za kila juma, katika nchi zilikokomaa. Shabaha yetu si kusimulia tu. Tunataka kuonyesha kwamba kilichozitenganisha aina hizi si mzaha uliomo ndani yake wala mkono wa mchoraji, bali ni namna na wakati wa kutoka kwake. Na kwamba istilahi zetu zitanyooka tukiufuata msingi huo.

Asili ya majina

Neno letu katuni limetoka katika Kiingereza, nacho Kiingereza kililipata kutoka Kiitalia, ambako maana yake ilikuwa karatasi nene. Juu ya karatasi hiyo wachoraji walitengeneza kielelezo kabla ya kuanza kazi yenyewe ukutani. Mwaka 1843 jarida la Punch la London lilichapisha michoro ya dhihaka na kuiita kwa jina hilo, likiyakejeli maonyesho ya vielelezo vya picha zilizotarajiwa kupamba jengo jipya la Bunge. Tangu hapo maana ya kielelezo ikafifia, na maana ya dhihaka ikashika.

Hadithi iliyosimuliwa kwa picha zinazofuatana, zenye maneno chini yake, ilikuwa imekwisha kuwapo. Rodolphe Töpffer, mwalimu wa Geneva, alianza kuchora hadithi za namna hiyo mwaka 1827 na kuzichapisha katika miaka ya 1830. Hakuna aliyeziita katuni. Jina ambalo Waingereza walikuja kulipa jarida la hadithi za picha lina asili nyingine kabisa. Mwaka 1890 Alfred Harmsworth alianzisha London jarida la kila juma lililoitwa Comic Cuts, likiuzwa kwa nusu peni. Lilikuwa jarida la vichekesho, na jina lilistahili. Baadaye majarida ya jamii hiyo yalijazwa hadithi za vita, za safari na za upelelezi, wala hapakuwa na cha kuchekesha. Lakini jina la vichekesho lilibaki.

Jarida la kila juma

Katika Uingereza na Ubelgiji, juma ndilo lililokuwa kipimo cha hadithi za picha. Kampuni ya D. C. Thomson ya Dundee ilitoa toleo la kwanza la The Dandy mwezi Desemba 1937, na la The Beano tarehe 30 Julai 1938. Jarida la The Dandy lilikoma kuchapishwa kila juma karatasini mwaka 2012. The Beano liliendelea, na mwaka 2019 lilifikisha toleo la 4000. Hesabu hiyo ina somo kwa mwanaistilahi: kinachohesabiwa hapo ni matoleo, yaani mara ambazo jarida limetoka, si nakala, yaani idadi ya karatasi zilizouzwa, wala si chapa, yaani mara ambazo kazi ileile imerudiwa mtamboni.

Huko Brussels, Hergé alianza kumchora Tintin tarehe 10 Januari 1929 katika nyongeza ya watoto iliyotoka kila Alhamisi ndani ya gazeti la Le Vingtième Siècle. Mtoto alisoma kurasa chache, akamwacha shujaa wake hatarini, kisha akangoja hadi Alhamisi nyingine. Mwaka 1930 sehemu zile zilikusanywa kuwa kitabu. Basi hadithi moja ikawa na miili miwili: mwili wa kwanza ulikatwa vipande kwa kipimo cha juma, na wa pili uliungwa ukawa mzima. Mchoraji alilazimika kuutumikia mwili wa kwanza, kwa maana kila kipande kilipaswa kuishia mahali pa kumtia msomaji hamu. Mfasiri apewaye kitabu asipoijua historia hiyo atashangaa kwa nini kila baada ya kurasa chache pana kishindo.

Kitabu kisicho kitabu

Nchini Marekani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Huko hadithi za picha zilianza kupata umaarufu katika magazeti ya Jumapili ya miaka ya 1890, hasa kwa kazi za Richard Outcault katika New York World. Mwaka 1934 vijarida vya Famous Funnies, vilivyokusanya michoro iliyokwisha kutoka magazetini, viliuzwa vibandani kwa senti 10. Mwaka 1938 likatoka toleo la kwanza la Action Comics, alimozaliwa Superman kwa kazi ya Jerry Siegel na Joe Shuster. Vijarida hivyo Wamarekani waliviita vitabu vya vichekesho. Jina hilo lina kasoro mbili: vingi havikuwa vya kuchekesha, wala havikuwa vitabu. Vilikuwa majarida yenye namba, yenye mwezi, na yenye kuondolewa kibandani muda wake ulipopita.

Juu ya muda huo pana jambo linalowapotosha wengi. Jalada la lile toleo la kwanza la Action Comics limeandikwa Juni 1938, lakini toleo lenyewe lilikuwa limeanza kuuzwa mwezi Aprili. Tarehe ya jalada ilisogezwa mbele ili jarida lisionekane limechakaa, na ili muuzaji ajue wakati wa kuliondoa na kurudisha nakala zisizonunuliwa. Mwanahistoria, mkutubi na mwanasheria wa hakimiliki hawana budi kutenga tarehe ya jalada na tarehe ya kutoka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Phil Seuling wa New York aliwashawishi wachapishaji wakubali mpango mpya. Maduka maalumu yangenunua majarida kwa punguzo kubwa zaidi, lakini yasingeruhusiwa kurudisha yasiyouzwa. Hasara ya kubahatisha ikamhamia mwenye duka. Kwa hiyo ilimpasa ajue, kiasi cha miezi miwili kabla, ni matoleo gani yajayo na wateja wake wanayasubiri yapi. Ndipo orodha za matoleo yajayo zilipopata nguvu, na msomaji naye akazoea kuagiza mapema. Kila jarida liliendelea kutoka kwa mwezi, lakini shehena mpya ilifika dukani kila juma, na Jumatano ikawa siku ya ada. Mchapishaji DC aliihama siku hiyo mwaka 2020 akaenda Jumanne, kisha mwaka 2024 akairudia Jumatano. Kwa hiyo, Mmarekani akisema hadithi za picha za juma hili, aghalabu husemea juma la duka. Mwingereza wa zamani alisemea juma la jarida lenyewe. Tafsiri moja haiwezi kuyabeba yote mawili pasipo maelezo.

Kura ya wasomaji

Japani ndiko juma lilikopewa mamlaka makubwa zaidi. Tarehe 17 Machi 1959 yalitoka kwa pamoja majarida mawili ya kila juma ya wavulana, Shōnen Magazine na Shōnen Sunday. Shōnen Jump lilifuata mwaka 1968, na mwaka uliofuata likawa la kila juma. Ndani ya jarida hilo mliwekwa kadi ya posta, ambayo msomaji aliijaza kwa kutaja hadithi alizozipenda zaidi katika toleo hilo, akaituma kwa wahariri. Hadithi iliyopendwa iliendelezwa. Iliyokosa kura kwa majuma mfululizo ilikatishwa. Mwisho wa mwaka 1994 jarida hilo lilifikia nakala milioni 6.53 kwa toleo moja.

Hapa mfasiri hukutana na mtego. Upendeleo wa msomaji katika juma moja hauwezi kuitwa upendwa, kwa kuwa wahakiki wetu wamekwisha kulitumia neno pendwa katika istilahi fasihi pendwa, yaani fasihi ya kusomwa na umma kwa burudani. Hadithi za Shōnen Jump zote ni fasihi pendwa, hata ile iliyokosa kura. Iliyopata kura nyingi yafaa iitwe chaguo la wasomaji.

Lugha nyingine zilivyofanya

Si kila lugha iliyofuata Kiingereza. Wafaransa na Wabelgiji husema ukanda uliochorwa, wakitazama umbo la ukurasa. Waitalia husema vijimoshi, kwa vile vifuko vya maneno vitokavyo vinywani mwa wahusika. Wahispania walilitwaa jina la jarida moja, TBO, lililoanza Barcelona mwaka 1917, wakalifanya jina la aina nzima. Na Wabrazili walifanya vivyo hivyo kwa jarida la Gibi la mwaka 1939. Wachina husema picha za mfululizo. Majina haya yote yamezaliwa kwa watu kutazama kitu kilichokuwa mikononi mwao. Hakuna aliyelazimika kusema vichekesho.

Hali yetu na hasara yake

Kiswahili nacho kina historia yake. Edward Gitau alimfanya Juha Kalulu ajulikane na wasomaji wa magazeti ya Kenya kwa miaka mingi. Tanzania, Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa mkazi wa gazeti la Uhuru, na katika miaka ya 1980 jarida la Sani liliwapa watu Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Wasomaji walijua vizuri tofauti kati ya kisa kimalizikacho papo hapo na kile kiishiacho kwa neno itaendelea. Dhana basi tunazo. Kilichopungua ni kuzipa majina yaliyotengana.

Upungufu huo una gharama. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, unaotumiwa pia na forodha za Jumuiya ya Afrika Mashariki, vitabu vimo katika kichwa 49.01, magazeti na majarida katika 49.02, na vitabu vya watoto vya picha katika 49.03. Hati iliyoandikwa katuni tupu haimwambii ofisa aende wapi. Maktabani, jarida la mfululizo hupewa namba ya kimataifa ya tarakimu 8, na kitabu hupewa ya tarakimu 13. Shuleni hasara ni kubwa zaidi. Kitabu cha Maus cha Art Spiegelman, kinachosimulia kwa picha mauaji ya Wayahudi katika Ulaya, kilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992. Mwalimu atakayekiingiza katika orodha kwa jina la vichekesho atakuwa amewatukana waliokufa, na mkaguzi atakayekifuta kwa sababu ya jina hilo atakuwa amewanyima wanafunzi historia.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, tunaona yafaa yafuatayo yafikiriwe.

Katuni libaki jina la picha moja ya dhihaka au ya maoni, kama ilivyo magazetini. Visanduku vichache vyenye kisa, vitokavyo ndani ya gazeti, viitwe katuni ya mfululizo. Chapisho litokalo kwa vipindi na lenye namba liitwe jarida la hadithi za picha, likiongezewa la kila juma au la kila mwezi. Kazi iliyokusanywa na kujalidiwa iitwe kitabu cha hadithi za picha, na ikiwa na sehemu nyingi, kila sehemu iitwe juzuu. Filamu iitwe filamu ya katuni, pasipo kufupishwa katika maandishi rasmi.

Neno toleo litumike kwa kila mara ambayo jarida limetoka, na chapa kwa kurudiwa kwa kazi ileile mtamboni. Nakala ibaki kwa kitu kimoja kimoja kinachoshikwa mkononi. Hivyo tutaweza kusema kwa uhakika: nakala moja ya chapa ya pili ya toleo la kwanza. Kwa orodha za maduka, toleo jipya liwe lile lililokwisha kutoka juma hili, na toleo lijalo liwe lile lililotangazwa lakini halijafika.

Mapendekezo haya hayaleti neno hata moja geni. Maneno yote yamo vinywani mwa wachapaji, wauza magazeti na wakutubi wetu. Yanachohitaji ni kupewa kila moja kazi yake, kisha watafsiri, walimu na maofisa wayashike hivyo katika hati, katika orodha na darasani, hata mazoea yakomae yawe kanuni.