Pumzi, Mkao na Nyumba ya Baba: Yoga katika Sala ya Kikristo

Mwaka 1956 Jean-Marie Déchanet, mtawa Mbenediktini, alichapisha La Voie du silence, kitabu kilichotetea kwamba Mkristo anaweza kuchukua mikao ya yoga na nidhamu yake ya pumzi bila kuikana imani. Hakuwa mpenda mitindo. Alikuwa bingwa wa maandishi ya Guillaume wa Saint-Thierry, mtawa wa karne ya 12, naye aliwahi kuishi katika monasteri ya Kansenia, huko Katanga, Kongo. Kwa Guillaume alijifunza kumtazama mtu katika ngazi tatu: ya mwili na hisia, ya akili, na ya roho. Tatizo la msali wa leo, alivyoona, ni kwamba ngazi hizo zimetengana. Magoti yako kanisani, mawazo yako sokoni. Mkao na pumzi humkusanya mtu huyo.

Sawa. Lakini akishakusanyika, anarudi kwa nani?

Katika Yoga Sutra za Patanjali, andiko la msingi la yoga, mwisho wa safari ni kaivalya, hali ya nafsi kujitenga na maumbile yote na kubaki peke yake. Ishvara, yaani Bwana, yumo, na kujikabidhi kwake kunamsaidia msafiri, ila si yeye anayengoja mwisho wa njia. Mwana mpotevu wa Luka 15 naye anazinduka akiwa peke yake, kati ya nguruwe, na bila kuzinduka huko asingepiga hatua. Hata hivyo bado hajafika. Anafika pale baba anapomwona angali mbali, akamkimbilia, akamkatiza ile hotuba ya toba aliyoiandaa njiani. Katika Injili, kurudi nyumbani ni kupokelewa na kuketishwa mezani na wengine, hata kama nje kuna kaka aliyenuna.

Kwa hiyo mzozo wa Wakristo juu ya mikao yenyewe unanichosha. Patanjali anaupa mkao aya tatu tu, na sehemu kubwa ya mazoezi yanayofundishwa mijini leo ilipata sura yake Mysore, India, kwa mwalimu Krishnamacharya, katika miaka ya 1930. Waraka Orationis formas, uliotolewa Vatikani tarehe 15 Oktoba 1989 kwa saini ya Kardinali Joseph Ratzinger, hukumbukwa na wengi kama marufuku. Sivyo. Unaruhusu kupokea yaliyo mema katika njia za Mashariki, kisha unaonya kwamba utulivu na joto la mwili visidhaniwe kuwa faraja za Roho Mtakatifu. Onyo hilo lina uzito kuliko vitisho vya mapepo tunavyovisikia mimbarani, kwa kuwa mtu anaweza kuinuka mkekani ametulia tuli na bado hajamsamehe jirani yake.

Kanisa la Mashariki lilishapita njia hii. Katika karne ya 14 watawa wa Mlima Athos waliinamisha vichwa na kuoanisha pumzi na Sala ya Yesu, ombi fupi la kumwita Yesu linalorudiwarudiwa. Barlaamu wa Calabria akawakejeli kwamba wanaitafuta roho kitovuni. Gregorio Palamas akawatetea, na mtaguso wa Konstantinopoli wa 1341 ukamuunga mkono. Utetezi wake ulikuwa na mpaka: mbinu haizai neema, bali huwafaa hasa wanaoanza, ambao mawazo yao bado hukimbia ovyo.

Je, mbinu hukubali kubaki mbinu? Henri Le Saux, Mbenediktini mwingine, alianzisha ashram (makao ya sala) ya Shantivanam, India, mwaka 1950 pamoja na padri Jules Monchanin, akazama katika advaita, fundisho la Kihindu la umoja usio na wa pili, kiasi kwamba mvutano kati ya umoja huo na Utatu ulimkwaruza hadi kifo chake mwaka 1973. Déchanet alidhani zana hutenganishwa kwa urahisi na falsafa iliyoizaa. Maisha ya Le Saux yanaonyesha kwamba urahisi huo haupo. Lakini hata yeye hakuiacha Misa. Mwaka 1964 aliiadhimisha Gangotri, karibu na chanzo cha mto Ganga, akiwa na padri Raimon Panikkar: mkate, divai, na mtu wa pili wa kushiriki naye.