Mlango wa Idara: Masharti ya Kujiunga na Masomo ya Fasihi na Mawasiliano katika Historia ya Vyuo Vikuu vya Kenya na Tanzania

Utangulizi

Historia ya taaluma ya fasihi katika vyuo vikuu vyetu imeandikwa zaidi kwa kuangalia kinachofundishwa. Wahakiki wamejadili vitabu teule, nadharia na lugha ya kufundishia. Ni nadra kuulizwa ni nani aliyeruhusiwa kuketi darasani, na kwa kigezo gani. Makala haya yanadai kwamba masharti ya kujiunga ni sehemu ya historia ya uhakiki wenyewe, kwa kuwa humteua msomaji kabla mhadhiri hajateua kitabu. Tutalinganisha Kenya na Tanzania, kisha tuonyeshe uamuzi unaozikabili idara zetu hivi sasa.

Urithi wa Kikoloni na Mjadala wa 1968

Makerere ilipohusishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na Nairobi ilipofuata njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, mitihani ya Uingereza ndiyo iliyofungua mlango. Aliyetaka kusoma fasihi alipimwa kwa Kiingereza chake na kwa vitabu vya Waingereza. Umahiri wake katika vitendawili, ngano au nyimbo za kwao haukuhesabiwa.

Mnamo Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe na mahali pake pachukuliwe na idara ambayo kitovu chake ni Afrika. Mchango huo unajulikana sana. Kisichotajwa mara nyingi ni kwamba mageuzi hayo yaligusa darasa, wala hayakugusa mlango. Mwanafunzi bado alitoka katika shule zilizomlea kwa vitabu vya kigeni. Ndiyo maana mkutano wa 1974 katika Nairobi School, kuhusu ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika katika shule za Kenya, una uzito wa pekee: mjadala ulioanzia chuoni ulilazimika kuifuata shule, mahali anapotengenezwa msomaji.

Njia Mbili Zilizotengana

Mwaka huohuo wa 1974, Tanzania ilichukua hatua ya namna nyingine. Azimio la Musoma lilitaka mwombaji wa chuo kikuu awe amefanya kazi kwanza, na aje na mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Alama za mtihani hazikutosha. Mwenendo na utumishi vilipimwa pia. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye, lakini ulizua swali ambalo Kenya haikuliuliza kwa namna ile: je, msomi anadaiwa nini na jamii kabla ya kupewa nafasi?

Tofauti iliyodumu zaidi ni ya muundo. Tanzania ilihifadhi Kidato cha Tano na cha Sita. Mwanafunzi wa mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, huisoma fasihi kwa kina kwa miaka miwili kabla ya kufika chuoni. Kenya nayo ilikuwa na ngazi hiyo hadi mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulipoiondoa. Mtihani wa kwanza wa KCSE ulifanywa mwaka 1989, na kundi la kwanza likaingia vyuo vikuu mwaka 1990. Shahada ya sanaa ikarefushwa kutoka miaka mitatu hadi minne ili kufidia.

Mfumo wa 8-4-4 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima, faida isiyokanika. Hata hivyo, fasihi iliunganishwa na lugha chini ya alama moja. Mwombaji aliyepata B katika Kiswahili huenda aliipata kwa insha na sarufi, huku maswali ya riwaya na ushairi yakimshinda. Idara inayodai alama hiyo haijui imempokea msomaji au mwanasarufi.

Neno "Au" katika Masomo ya Mawasiliano

Katika masomo ya mawasiliano, tatizo limejificha ndani ya neno dogo. Upangaji wa wanafunzi hukubali Kiingereza au Kiswahili. Kwa kuwa masomo yote mawili ni ya lazima shuleni, huhesabiwa lile alilofanya vizuri zaidi mwombaji. Hivyo mtu aweza kudahiliwa kwa nguvu ya lugha moja, akafundishwa na kutahiniwa kwa nyingine. "Au" hiyo inaheshimu Kiswahili mlangoni na kukisahau darasani.

Uamuzi Uliopo Mbele Yetu

Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10, na linatarajiwa vyuoni mwaka 2029. Katika mtaala huo, Fasihi ya Kiswahili ni somo la kuchagua linalojitegemea, huku Kiswahili kikibaki lazima. Baada ya takribani miongo minne, fasihi imerudishiwa jina lake.

Je, idara zilifanye somo hilo kuwa sharti? Zikifanya hivyo, zitawafungia nje wanafunzi ambao shule zao hazina mwalimu wake, nao wengi watakuwa wa shule maskini. Zisipolitambua kabisa, hakuna mzazi atakayemshauri mwanawe kulichagua, nalo litakufa changa. Tunapendekeza njia ya kati: Kiswahili kibaki sharti la msingi, Fasihi iongezewe uzito katika kushindania nafasi, na wasioisoma wapewe kozi ya msingi katika mwaka wa kwanza. Kwa mawasiliano, lugha inayopimwa mlangoni iwe ndiyo inayofundishiwa.

Hitimisho

Mjadala wa 1968 ulifunza kwamba idara yaweza kubadilisha vitabu vyake kwa azimio moja. Kubadilisha wasomaji wake huchukua kizazi kizima, na kazi hiyo huanzia katika masharti ambayo mara nyingi tumewaachia makarani wa udahili.